Feni Iliyozunguka Gari Limezimwa

Osniel mwanangu,

Nimedandia lori kwenda mjini Holguín, gari la baba yako haliwaki. Wali na maharage meusi vimo sufuriani, pasha.

Betri imekwisha chaji. Usiisingizie alteneta inayoichaji! Ile feni ya umeme ya kupoza injini uliyofunga juzi umeiunga moja kwa moja kwenye betri, fundi wangu wee. Asubuhi nimeikuta inazunguka yenyewe, ufunguo uko ukutani. Nikaita, “Rigoberto?” kana kwamba baba yako yumo. Nikaingia garini, nikakaa. Ikapunguza mwendo, ikapunguza, kama pumzi zake siku ile hospitalini, kisha kimya. Ningeweza kuchomoa waya. Mkono ulikataa.

~~Ing'oe, itupe.~~ Ipitishe kwenye swichi ya ufunguo, lakini nikiwa sipo. Sitaki kuisikia ikizimika tena.

Mama