Mistari ya Penseli, Mistari ya Chaki

Mwaka mzima umepita, mama watoto, tangu ulipofumba macho kwenye kitanda nilichokuchongea mwenyewe, na bado kuna jambo nataka kukuuliza.

Mtaani wanakukumbuka kwa cherehani. Ulishona sare za shule, na ukiona mtoto amerefuka unamwita, "Wewe mlingoti, hebu njoo!" Unamshushia pindo la suruali hapo hapo amesimama. Uliongea na pini mdomoni mchana kutwa, hukumeza hata moja. Mpaka leo sijui ulifanyaje.

Hospitali walipokurudisha nyumbani walisema lao wamemaliza, sasa ni kukutuliza maumivu tu. Wakubwa wale walinifundisha nusu saa: kukugeuza, kukuosha, kupima dawa ya maji. Kila asubuhi nikuulize maumivu ni namba ngapi, sifuri mpaka kumi, niandike. Muuguzi akija atasoma, aamue kama dawa iongezwe. Mimi seremala, karatasi hainikai mkononi. Nikawa nachora mistari kwa penseli kwenye fremu ya mlango wa chumba. Leo miwili, kesho mitatu. Dada yako alikuja Jumatano na Jumamosi, naye alichora kwa chaki yako ya kushonea: saba, minane.

"Shemeji, unakuza mambo," nikamwambia.

"Na wewe unapima mtu kama mbao!"

Wewe ukacheka. "Msinigombanie, bado sijawa urithi."

Muuguzi akafuata mistari yangu, maana jina la anayekuuguza kwenye fomu ya hospitali ni langu. Dawa ikabaki ile ile wiki tatu.

Mwezi uliopita niliketi pale mlangoni nikahesabu mistari upya. Ubao mmoja hauwezi kutoa vipimo viwili kila wiki. Nikamfuata dada yako. Nikamuuliza kwa nini mistari yake ilizidi yangu.

"Shemeji, ulikuwa umekonda kuliko mgonjwa. Ulitia chumvi kwenye chai mara mbili, ukanywa. Ulikuwa unalia bafuni na bomba umelifungulia, ukidhani hatusikii. Akasema, nikimwambia nane yule hatakula, hatalala."

"Mbona hukuniambia?"

"Aliniapisha."

Kumbe wewe ndiye uliyekuwa ukiniuguza mimi. Uliwezaje, na hali ile? Ulianza siku gani? Nimekukasirikia, sifichi. Wiki tatu, mama watoto!

Lakini wale wa hospitali nimewakasirikia zaidi. Waliuliza choo chako, vidonda vyako, hamu yako ya kula. Hakuna aliyenigeukia akasema, na wewe mzee, unalala? Angeuliza mmoja tu ningemwaga yote, nawe usingeyabeba. Nilikwenda kumwambia mkubwa wao. Akasema fomu haina sehemu ya kumuuliza anayeuguza.

"Kabati likikosa rafu mimi naongeza," nikamwambia. "Nyinyi kalamu mnazo."

Akatabasamu. Fomu iko vile vile.

Basi mimi siwangoji. Kila Jumamosi naenda kwa yule kinyozi wa kona, anamuuguza mama yake peke yake. Kwanza namuuliza yeye amelalaje. Kisha namtoa nje, akanyooshe miguu, aone watu. Anabisha, anatoka. Akishapotea kwenye kona ndipo namuuliza mama yake namba.

Jumamosi iliyopita mwanawe alikuwa ameambiwa tatu. Mimi akaniambia nane. Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Usimwambie, baba. Atavunjika."

Nimemwambia. Aliketi kwenye ndoo, akalia mbele yangu bila kufungulia bomba lolote, kisha akaniuliza tunafanyaje. Tukamngoja muuguzi pamoja. Nilisimama mlangoni, sikumpisha mpaka alipoiandika ile nane. Jumamosi hii nimemkuta mama amelala usingizi mzuri, mdomo wazi, na mwanawe naye amelala kwenye kiti.

Najua utanilaumu kwa kuvunja siri ya mama wa watu. Nilaumu.

Tunakukumbuka sisi: mimi mumeo, dada yako wa chaki, binti zetu wawili, mkweo fundi bomba, na mjukuu uliyemshonea nguo kabla hajazaliwa, sasa zinambana. Hatujakusahau, wala hatutajaribu.