Nimekusamehe, Vaa Viatu Twende

Nyumbani, nyuma ya karakana ya maseremala,
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Kitindamimba wangu,

Nakusalimu katika jina la Bwana aliyetufikisha leo. U hali gani, mwanangu wa mgongoni? Kile kikohozi kimekuachia? Na wifi yangu, mgongo wake umetulia? Usinijibu kwamba mko salama tu kama mtu anayejibu karani. Nieleze.

Huku sisi wazima, tukiondoa magoti ya Mama, ambayo mwenyewe anadai si yake, alipewa ya mtu mwingine kimakosa. Picha yako aliikodolea macho, kisha akauliza kama huko mnakula kwa zamu.

Sasa nikuombe radhi. Miezi hii mitatu ulikuwa ukipiga simu nakwambia mtandao mbaya, nakata. Mtandao ulikuwa mzima. Mbaya nilikuwa mimi.

Unajua huu ni mwaka wa tisa nawapikia watoto wa chekechea. Sheria ya jiko letu ni moja: sufuria ikiwa motoni, mlango ufungwe kwa komeo. Jumanne moja mwezi wa tatu joto lilizidi, nikaufungua nipate hewa, nikasahau. Nilikuwa nimeinua sufuria ya maji yanayochemka niyamimine kwenye ndoo. Mtoto wa kike wa miaka mitano akaingia mbio akifukuza mpira, akanigonga miguuni. Maji yakammwagikia bega la kushoto hadi kiwiko. Kilio chake sitakisimulia.

Mama yake ni fundi viatu pale kona ya pili, analea peke yake, na watu wote humwita Mama Soli. Mtoto alilazwa wiki tatu. Siku ya kwanza nilifika mpaka mlango wa wodi, nimeshika chupa ya maziwa. Nikamwona Mama Soli ameinamia kitanda. Nikageuka. Sikurudi tena.

Mwalimu mkuu hakunifukuza, aliniambia nipumzike kwanza. Watu walikuja kunifariji kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Kwa nia njema kabisa, lakini ndugu yangu, methali nyingine zinatafuta kofi.

Kanisani nikaacha kwenda. Jumapili ya kwanza nilisema kichwa, ya pili tumbo, ya tatu sikusingizia kiungo chochote. Shemeji yako hakunisukuma. Alikwenda peke yake, akirudi anakaa ukingoni mwa kitanda ananieleza mahubiri, kama mtu anayemsomea mgonjwa gazeti. Kusali nilijaribu. Nikifika pale pa kuomba kusamehewa, ulimi unaganda. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa Jumapili kwamba rehema ya Mungu haina mwisho, na niliamini hivyo, ila kwa watu wengine.

Alhamisi moja alasiri, Mama akaja chumbani akichechemea. "Mwenye mtoto yuko mlangoni," akasema. "Na usitazame chini ya kitanda, hutoshei."

Nikatoka. Mama Soli alikuwa amesimama na aproni yake ya kazi, vidole vyeusi kwa gundi. Hakukaa.

"Mtoto anagoma kufungwa bandeji," akasema. "Nesi amemshindwa, mimi nimemshindwa. Anamtaka yule wa jikoni."

"Mama Soli, mimi ndiye niliyemuunguza."

"Namjua aliyemuunguza. Ungefunga mlango, mwanangu angekuwa mzima. Kule wodini nilikuchukia mpaka nikachoka, maana nilikuwa nakuchukia huku naomba mwanangu apone, na yale maombi mawili hayakai kifua kimoja. Nimekusamehe. Lakini nikwambie ukweli, kesho nikiliona kovu huenda nikaanza upya. Ndiyo maana nataka uwe karibu. Mtu aliyejificha namsameheje? Vaa viatu twende."

Nilivaa ndara, moja ya kwangu, moja ya shemeji yako. Nilikuja kugundua njiani.

Wana chumba kimoja nyuma ya kibanda cha viatu. Mtoto alikuwa amekaa juu ya mkeka, kaugeukia ukuta. Aliponiona hakulia. Alinitazama kwanza, kama mtu anayepima.

"Ulilia?" akaniuliza.

"Nililia."

"Mimi nililia zaidi."

"Kweli. Wewe ulilia zaidi."

Basi akaninyooshea mkono.

Kuanzia siku ile nilikwenda kila asubuhi. Nalowesha bandeji kwa maji ya vuguvugu yaliyochemshwa ili isibandue ngozi, naitoa kidogo kidogo, nasafisha, napaka dawa, nafunga. Mwanzoni nilikuwa nafunga, nafungua, naanza tena, hata yeye akanionea huruma, akawa ananihesabia mizunguko ya bandeji, anaruka sita kila mara. Nje tunasikia nyundo ya mama yake.

Usidhani kila kitu kilikuwa asali. Wiki ya nne daktari alisema ngozi inavuta, mkono usiponyooshwa kila siku utabaki umekunjika. Siku ile Mama Soli aliingia, akautazama ule mkono, akatupa nyundo sakafuni. "Ondoka," akaniambia. "Ondoka nisije nikasema neno." Niliondoka. Nilitembea nikijua yameisha, na kwamba nilistahili.

Asubuhi yake, kabla sijanawa uso, hodi. Ni yeye. Macho yamevimba.

"Nilianza upya," akasema. "Nimemaliza. Twende, anakusubiri."

Ndugu yangu, nimezaliwa kanisani, nimelelewa kanisani, lakini neema nilikuwa naijua kwa jina tu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuamka nayo asubuhi, akaivaa na aproni, akaja kukugongea mlango.

Jumapili iliyopita nikarudi. Ilikuwa siku ya Meza ya Bwana. Nilikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, nipate pa kutokea. Ibada haijaanza, Mama Soli akaja na mtoto wake, akanisukuma kwa nyonga nisogee. Kwetu, unakumbuka, sahani ya mkate hupita mkono kwa mkono. Iliponifikia, nikaipokea, nikampitishia yeye bila kuchukua kitu.

Hakuipokea kuipitisha. Aliishika pale pale kati yetu.

"Bado wewe," akaninong'oneza.

Nikatikisa kichwa. Benchi zima likasimama kama foleni. Mzee wa kanisa akakohoa. Mama Soli hata hakumtazama, alibaki kaishika ile sahani kama mtu mwenye siku nzima.

Ndipo mtoto, aliyekuwa magotini pake, akaniinamia na kunong'ona kwa ule mnong'ono wa watoto unaofika madhabahuni: "Chukua! Watu wanangoja!"

Mtu mbele yetu akacheka, nami nikacheka, machozi yananitoka. Vidole vyangu vilikuwa bado vinanukia dawa ya kidonda chake. Nikachukua, nikala.

Mkono unanyooka vizuri, ingawa kovu daktari amesema litabaki. Jumatatu narudi kazini. Niombee, naogopa.

Mama anakusalimu sana, na shemeji yako, na shangazi wa cherehani, na mapacha wa kaka ambao siku hizi wanajifanya hawatutofautishi sisi. Mkumbatie wifi kwa niaba yangu.

Bwana akufunike huko ugenini, akuamshe kila siku na rehema ya siku hiyo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu nilipokubeba ukanilowesha mgongo.