Kumkalia Mkubwa Kifuani

Jumapili, 8 Juni 2025
Baridi. Sokoni Ngaramtoni sikwenda. Mjukuu wangu Nosim karudi toka mazoezi ya jujitsu Ngarenaro, kanuna. Ule mchezo wa kugaragazana mkekani na makoti mazito — niliukataa mwaka mzima, nikachoka. Leo kashindwa! Na alikuwa juu, kamkalia Mama Prosper kifuani. Ukifika pale umemaliza, unamkaba mpaka agonge mkeka aachiwe. Nikamuuliza, kwa nini hukumkaba? Eti, "Koko, bibi yangu, yule ni rika la mama." Kamwachia! Mama Prosper kampindua, kamkaba yeye.
Jumamosi wanarudiana. Nafasi ya kwenda mashindano ya Nairobi ni moja tu.

Jumatatu, 9 Juni
Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemfundisha asiruke hata miguu ya mkubwa aliyekaa. Nilimchapa kwa hilo. Heshima nzuri. Ila heshima ya kunyongwa? Hapana!

Jumatano, 11 Juni
Nimelala chali kwenye ngozi ya ng'ombe. Haya Nosim, nikalie! Akalia machozi. Nikamwambia mimi mkubwa kuliko huyo mama, ukiniweza mimi umemaliza.
Akakaa. Mzito huyu mtoto! Magoti yamenibana mpaka kwapani. Mkono mmoja ndani ya kola, mpaka nyuma ya shingo. Wa pili ukapita juu ya ule. Kisha kifua chini, anavuta. Na nikizuia kwa mikono? Hapo anachukua mkono, anaunyoosha kiwiko kilie. Yaani ukificha shingo unatoa mkono, ukificha mkono unatoa shingo. Akili hiyo!
Hakukaza. Nikamtukana. Akakaza. Nikaona nyota — sikugonga! Yeye ndiye aliyeachia.
Hapo mwanangu Lemburis kaingia. "Yeyo! Mama! Mnaita laana nyumbani?" Laana ya nyumba hii naitoa mimi, nikamwambia, na leo sijatoa. Funga mlango, baridi inaingia.

Jumamosi, 14 Juni
Naandika hapa hapa ukumbini. Waone sina haraka.
Kabla ya kuanza Nosim kamwinamishia Mama Prosper kichwa, kama mtoto kwa mkubwa. Shikamoo! Mama kamgusa utosi, kacheka: marahaba, mwanangu. Mwanangu! Mjanja yule, anajua anachofanya.
Dakika ya tatu Nosim juu, kamkalia. Mkono mmoja kolani. Wa pili — kasita. Mama anamnong'oneza, taratibu mwanangu, taratibu. Nikaingia mkekani na viatu vyangu. "Nosim! Mimi nimekuruhusu! Kaza!"
Refa kasimamisha. Wao wabaki hivyo hivyo, wasisogee. Mimi nitoke. Bibi tafadhali, bibi tafadhali. Mwalimu wake Elieza ananibembeleza, eti Nosim atanyimwa ushindi kwa ajili yangu. Sitoki! Yule mama aache kwanza kumwita "mwanangu". Nimekaa chini, mkekani, na daftari langu.
Nosim yuko juu, ananitazama mimi tu. Machozi hakuna.
Wameambiwa wasisogee. Mkono wa pili umesogea kolani.