Sufuria Inayocheza Ngoma

Bariadi, Jumatano, 1956

Nyepesi mno! Nani angedhani hilo nalo ni kosa? Nilimchagulia mama sufuria nyepesi kuliko zote sokoni Maswa, maana mikono yake inatetemeka na juzi chungu kizito kilimponyoka. Leo alipoanza kusonga ugali, sufuria ikazunguka pamoja na mwiko.

"Mwanangu, umeniletea mcheza ngoma," akasema, akarudia chungu chake.

"Mayu, mama yangu, kitakuunguza!"

Akaendelea kusonga humo. Nilikasirika, na bado naogopa. Siku kikimponyoka tena nami niko shambani kwenye pamba...

Sufuria hairudi sokoni. Kesho nakanda udongo, nazungushia mafiga mpaka yaibane sufuria isitikisike. Mama anapenda udongo? Atapata udongo, ila hatauinua tena.