Elbo Moja ya Spring Valley

Mzee Wafula,

Kipimo chako cha meno ya bomba bado kinaning'inia kwenye msumari uleule juu ya meza ya kazi. Asubuhi hii nimekifuta kwa kitambaa chenye mafuta, nikafungua vile vyuma vyake vyembamba kimoja kimoja, nikavikunja tena. Sikuwa na kitu cha kupima. Nilikuwa natafuta nguvu ya kukuandikia.

Karakana ipo. Bado tuko hapa Woodley, mlango ule wa bati bado unakwama mvua ikinyesha. Wateja wengine hawajasikia, wanachungulia ndani na kuuliza, "Mzee ametoka kidogo?" Nawaambia. Wanavua kofia, wananipa pole mimi, kana kwamba nastahili pole.

Kiti chako sijakikalia. Watu wanadhani ni heshima.

Unakumbuka mwezi wangu wa kwanza? Ulinituma nipime bomba la nusu inchi, nikazungusha tepu nje yake, nikarudi nikakwambia hili si nusu inchi, tumeibiwa dukani. Ulicheka mpaka ukashika meza. "Bomba ya nusu inchi haina nusu inchi mahali popote, Mwende! Hiyo ni jina tu. Wewe unapima kama fundi wa nguo." Halafu ukaongeza, "Nyinyi Wakamba chongeni mbao, chuma mtuachie." Nikakujibu kwamba nyinyi Wabukusu chuma mnachojua ni sufuria ya ugali. Ulinipenda kuanzia siku hiyo, nadhani. Ukaanza kunifundisha kuagiza.

Uliniambia kuagiza ndiyo kazi yenyewe, kufunga ni jasho tu. Kila kitu uliandika kwa penseli kwenye karatasi ya daftari: kifaa, chuma gani, ukubwa, meno ya kuzungushia ni ya aina gani, kitabeba maji au mvuke. Na sheria yako ilikuwa moja. Nenda dukani mwenyewe, na kile cha zamani mfukoni. Weka kipimo kwenye meno kabla hujaondoka kaunta.

Siku ya ile elbo ya Spring Valley, kile kiungo cha bomba kilichopinda, sikuenda.

Nakwambia sasa, Mzee, vile ilivyokuwa. Ulinipa karatasi na elbo iliyooza kutoka kwa ile mashine ya dobi, ile boila ndogo ya mvuke wa kupigia pasi iliyotoka Amerika. Nilikuwa nishuke mjini, Kirinyaga Road. Lakini dada yangu alikuwa anaolewa Jumamosi, na fundi wa nguo alikuwa ananingoja tangu saa nne. Nikapiga simu dukani. Nikasema nataka elbo ya chuma, nusu inchi, ya mvuke. Kijana wa kaunta akaniuliza, "Ya kawaida, madam?"

Karatasi yako ilikuwa mkononi mwangu. Sikuitazama. Nikasema, "Eeh, ya kawaida."

Ikaletwa na bodaboda. Jioni ukaniuliza, "Umeiwekea kipimo?" Nikasema nimeweka. Ile ya zamani ilikuwa bado kwenye mkoba wangu, imefungwa kwa gazeti, haijaguswa.

Ungeniuliza mara ya pili ningekwambia. Lakini hukuwa mtu wa kuniuliza mara mbili.

Ya kawaida hapa kwetu ni ya meno ya Kiingereza, na ile boila ilikuwa ya Kimarekani. Nusu inchi ndiyo mbaya zaidi, wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Saizi nyingi zingekwama mapema, ukajua. Meno ya Kiingereza na ya Kimarekani ya nusu inchi yanaingiana vizuri, yanazunguka, yanabana, mpaka mvuke uje utafute ile nafasi ndogo. Uliifunga kesho yake. Siku ya tatu ikapuliza, na Agnes anayepiga pasi pale akaungua mkono, kutoka kwenye kiwiko mpaka karibu na saa yake.

Mwenye dobi alikusimamisha mbele ya wafanyakazi wake. "Mzee, macho yako yameisha. Enda nyumbani upumzike." Nilikuwa nyuma yako, nimebeba sanduku la spana. Ulisema, "Pole, mama. Nitarekebisha." Hukunigeukia hata kidogo.

Ulimpelekea Agnes maziwa na mkate, ukamwomba msamaha kwa kosa langu.

Na ile karatasi. Hiyo ndiyo inayoniamsha. Uliniuliza, kwa upole, kama ninayo, uone uliandika nini. Nikasema imepotea. Ulikaa kwenye kiti chako ukitazama mikono yako. "Basi labda sikuandika meno," ukasema. "Siku hizi nasahau."

Hukuwa unasahau, Mzee. Mimi ndiye niliyekufanya uamini hivyo.

Baada ya hapo ukaanza kuniita nisome kila kitu. "Njoo uniangalilie, Mwende, hii ni robo ama ni thumuni?" Ulikuwa unajua kwa kidole, gizani ungejua. Nilikusomea. Ukaacha kwenda kazi za Lavington, ukaacha mvuke, mwisho ukanipa kipimo, ukarudi Bungoma. Kila Jumapili ulipopiga simu nilijiambia leo nitasema. Ungeniuliza kazi inaendaje. Nilisema vizuri. Halafu Jumapili moja akapiga mkeo, Mama Nekesa, kuniambia umetutoka.

Pale mazishini, binti yako Nekesa alisoma maisha yako mbele ya watu. Alisema baba aliacha kazi aliyoipenda kwa sababu macho yalimwangusha. Watu wakatikisa vichwa. Nilikuwa mstari wa tatu, na karatasi yako ilikuwa ndani ya Biblia yangu. Nikaifunga Biblia.

Wiki jana nilienda Spring Valley. Nilimkuta Agnes, nikamwambia yote. Kovu limebaki, linang'aa. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Sasa unaniambia mimi? Si ungemwambia mzee wa watu?" Akarudi kwa pasi yake. Mwenye dobi naye nilimwambia. Aliondoa miwani akaketi.

Siombi unisamehe kwenye karatasi, maana huwezi kunijibu, na ningejijibia mwenyewe vile ninavyotaka.

Ninachoweza ni hiki. Mwezi wa kumi na mbili watoto wako wote watakuwa nyumbani. Nitakuja Bungoma. Nitamwomba Mama Nekesa awaite waketi, na nitasimama mbele yao nisome, kwa sauti, ile karatasi yenye mwandiko wako. Kama watanifukuza, nitakuwa nimeshasoma. Naahidi, Mzee, na safari hii sitatuma mtu, wala sitapiga simu.

Lala. Macho yako hayakukosea.

Karatasi yako nimeikunjua hapa mezani sasa hivi. Penseli haijafifia.

"Elbo moja. Chuma. Nusu inchi. Ya mvuke. Meno ya Kimarekani, si ya kawaida."

Na chini yake umepiga mstari mara mbili.

Mwende wako