Dada, Usiniitikie, Nijibu

Luzira, Kampala
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo. Hiyo naomba uiitikie, maana ni haki yako. Lakini yale mengine yanayofuata siku zote, kwamba mmeamkaje, mmelalaje, natumaini nyote hamjambo, leo siyaandiki. Sababu utaiona huko mbele, na huenda ukanikasirikia. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo haijatulia tangu Jumatano, na unayeinyima utulivu ni wewe.

Barua hii anakuletea Shukuru, yule muuza vitenge wa soko la Mwanga, hapo jirani yenu, anayekuja Kampala kununua mzigo. Najua ningeweza kupiga simu. Lakini kwenye simu Mama huwa ubavuni pako, na wewe mwenyewe kwenye simu una neno moja tu: "Salama." Nimechoka nalo hilo neno, Dada.

Kwanza nikueleze kazi yangu, maana nilipokwambia nimepata kazi kwenye mambo ya hospitali ulikwenda kutangaza mtaa mzima kwamba mdogo wako ni daktari. Mimi si daktari, ni mkalimani. Bosi wangu, Dokta Nankya, ni mwanamke anayechunguza usingizi na ubongo. Anawataka watu wasiolala vizuri: walinzi wa usiku, wachuuzi wanaodamka kabla ya jogoo, Wakongo waliokimbia vita. Wengi wao Kiganda kinawapiga chenga, wanazungumza Kiswahili, na hapo ndipo ninapopatia ugali wangu. Kila mshiriki anavaa bangili ya plastiki inayorekodi anavyojigeuza usiku. Asubuhi mimi nampitia na fomu, nimuulize alilalaje. Mwishoni analazwa kwenye mashine kubwa inayopiga picha ya ndani ya kichwa. Hata mimi walinilaza humo siku ya kuijaribu, nikakoroma mpaka fundi wa mashine akaja kunigonga mguu.

Kinachotafutwa humo kichwani ni maji. Usicheke. Ubongo una maji yake, maangavu kabisa, na Dokta anasema mtu akizama kwenye usingizi mzito maji hayo hupita kandokando ya mishipa ya damu, yakapenya ndani ya ubongo na kuondoka na taka za kutwa nzima. Ubongo ukifanya kazi unachafuka, kama jiko lako baada ya futari, na usingizi ndio wakati wa kuosha vyombo. Katika taka hizo kuna protini fulani ambayo huonekana imerundikana kwenye vichwa vya wazee wanaopotewa na kumbukumbu. Nilipoyasikia hayo mara ya kwanza nilimfikiria Mama, na siku ile ile nikakupigia kukuhubiria. Mama alale mapema, Mama apunguze chai, chumba cha Mama kiwe na giza. Ukasema, "Sawa, mdogo wangu." Nikiikumbuka hiyo "sawa" yako uso unaniwaka.

Sasa sikia nilivyoharibu kazi ya watu. Swali la kwanza kwenye fomu linataka kujua mtu alilala vipi usiku uliopita. Mimi kila asubuhi nikawa naingia, nakaa, nafungua kalamu na kuuliza, "Umelalaje?" Watu wakajibu, "Salama." Wakongo wakajibu, "Muzuri." Nami nikaandika: vizuri. Wiki tano, Dada. Rundo la fomu linafika magotini, na ukizisoma utadhani Kampala hii hakuna mtu mwenye shida hata ya mbu.

Jumatano Dokta aliziweka fomu zangu pembeni ya rekodi za bangili, akaniita. Yeye ni Mganda, lakini Kiswahili anacho. Alikiokota Mbuya akiwa mtoto, baba yake mwanajeshi, na mpaka leo kimebaki cha kambini.

"Hamisi," akasema, "bangili nasema hii watu hapana lala. Wewe naandika yote nalala muzuri. Nani nadanganya?"

Nikamwambia bangili mbovu. Nilisema hivyo kwa sauti ya kujiamini kabisa.

"Bangili yote?" akauliza. "Enda Ggaba. Uliza yule mama ya samaki tena. Kama iko hivi, kazi ya wiki tano nahalibika."

Mama ya samaki ni Mama Furaha, Mkongo wa Uvira, mtu wa makamo, mkarimu sana. Rekodi ya bangili yake ilikuwa mbaya kuliko zote, anaamka kila baada ya muda mfupi mpaka kunakucha, na fomu zake kwangu zote zilisema vizuri. Nikamkuta kwenye meza yake pale mwaloni, mitumbwi ya samaki inaposhusha, akiparua magamba. Nikamuuliza, kwa ukali kidogo, kwa nini wiki tano ananiambia amelala muzuri. Akaweka kisu chini akanitazama kama mtu anayetaniwa.

"Weye ulikuwa unanisalimia, papa," akasema; papa kwao ni baba. "Mutu akikusalimia asubui unamwambiaka nini? Unasema muzuri. Nikuambie mabaya na ata kiti sijakupatia?"

Alikuwa na haki. Wiki tano nilikuwa nawasalimia watu, na wao kwa adabu zao wananiitikia. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amejibu swali, kwa kuwa hakuna aliyeulizwa. Na aliyefanya kosa hilo ni mimi, mtoto wa Ujiji, niliyechapwa na Mama kwa kujibu salamu ya Mjomba kwa kusema tumbo linauma! Wenzangu ofisini nao wasingeling'amua, maana hata Waganda salamu yao ya asubuhi huuliza usiku umepitaje, na hata aliye mahututi hujibu umepita vyema.

Basi nikaanza upya. Jana ulipanda kitandani saa ngapi? Uliamka mara ngapi? Nani alikuamsha? Mama Furaha akanawa mikono, akajifuta kwenye kitenge, akasema. Anaishi na mama mkwe wake, bibi wa miaka mingi ambaye akili zimerudi nyuma.

"Anaamukaka kila usiku, anatafuta njia ya Uvira," akaniambia. "Mara moya tulimukuta kwa barabara kubwa, magari inapita. Sasa nafungaka kitambaa, huku kwangu, huku kwake. Akisimama, nasikia."

Akaninyooshea mkono wa kushoto. Juu ya ile bangili yetu ya kisayansi palikuwa na kipande cha kitenge kimefungwa fundo, kimechakaa, na ngozi chini yake imekwaruzika.

Dada, nikaukumbuka mkono wako. Mwezi uliopita tulipopigiana simu ya picha, ulimgeuzia Mama simu ili anione, ukamweka sawa mtandio wake, na mkononi mwako nikaona kipande cha kanga. Ile kanga yake ya maua ya njano. Nikakuuliza ni nini, ukasema umejikata na mkasi. Wewe, fundi cherehani tangu mimi niko shule ya msingi, sijawahi kukuona hata umejichoma sindano! Nikaamini, kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi. Simu ile ile ulinisimulia ulivyomshonea bi harusi gauni lenye mikono miwili ya kushoto, tukacheka. Baada ya dakika chache ukanisimulia tena, tangu mwanzo, kama vile hujawahi kulisema. Nikacheka tena. Nilidhani unanichekesha.

Uliwahi kuniambia kwamba Mama huamka asubuhi akiuliza Baba yuko wapi, kana kwamba hatukumzika. Hukuniambia kwamba usiku huamka kwenda kumpokea stesheni, kama alivyokuwa akifanya zamani, enzi zile Baba akifanya kazi kwenye treni. Hilo nililitoa Jumatano ile ile jioni kwa binti yako Zuhura, kwa kumbana kwenye simu. Usimgombeze. Alilia, akasema wewe umemkataza asiniambie nisije nikaacha kazi. Akasema pia mambo haya yamepita mwaka, na huondoi kitambaa hata mchana, umesahau kwamba unacho.

Pale Ggaba nililia mbele za wauza samaki, mtu mzima na fomu zangu mkononi. Mama Furaha alinisogezea kiti.

Kesho yake nilimfuata Dokta, nikamweleza kosa langu lote, halafu nikamweleza na habari zako. Nikamuuliza waziwazi: dada yangu ana zaidi ya mwaka hajalala usiku mzima, je, zile taka zinamrundikia? Naye atakuwa kama Mama? Nilitaka aseme hapana. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Kichwa ya mutu hapana ndoo, Hamisi," akasema. "Mimi hapana jua. Watu ya sayansi bado nabishana, hata juu ya hii maji yenyewe. Lakini dada yako iko nachoka leo. Hiyo mimi naweza sema bila mashine."

Kwa hiyo sikuandikii kukutisha na magonjwa ya miaka ijayo. Nakuandikia kwa sababu umechoka leo, na mimi nilikuwa nahangaika na usingizi wa Kampala nzima, wa kwako nikausahau. Nina aibu, Dada. Na nina hasira na wewe vilevile, tena nyingi. Ulinilea nikajua kusema kweli, halafu ukanificha jambo kubwa namna hii kwa neno dogo kama hilo. Ungeniambia mara moja tu "Hamisi, nimezidiwa," ningekuja na viatu vya ofisini.

Nakuja. Nimemwomba Dokta ruhusa. Hakufurahi, maana zile fomu zinatakiwa kurudiwa, na amesema wazi kwamba akipata mkalimani mwingine nafasi yangu huenda nisiikute. Nimemwachia Mungu. Wiki hii narudia maswali kwa wote, kwa namna inayofaa, kisha Jumamosi napanda basi la Mwanza. Nimempigia Shangazi Mwanaidi, dada yake Baba, atakuja kulala hapo kwenu mpaka nifike. Usimkirimu. Usimpikie. Usimwambie "tunaweza tu, Shangazi, wewe rudi ukapumzike." Ameshafunga mizigo na amekasirika kuliko mimi, kwa hiyo ukimrudisha mlangoni utajua mwenyewe.

Na kile kitambaa nikifika utanipa mimi. Chumba cha Mama nitalala mimi. Akitaka kwenda stesheni nitaamka naye, nimwambie treni imechelewa, tukae tumsubiri pamoja. Wewe utahamia chumba cha Zuhura, mlango ufungwe.

Sasa naomba unijibu kwa maandishi, karatasi umpe Zuhura aniwekee. Au kama hutaki, nijibu nikifika, uso kwa uso. Jana ulilala saa ngapi? Mama alikuamsha mara ngapi? Ulirudi kulala, au ulikaa kwenye cherehani mpaka adhana? Kuna jambo lingine umeanza kulisahau na unalificha? Usiniitikie, Dada. Nijibu.

Msalimie shemeji yangu Issa huko Mpanda kwenye ujenzi, mwambie tuna maongezi mimi na yeye. Zuhura mwambie hana kosa, na namletea kamusi aliyoiomba. Mjomba Saidi mpe shikamoo yangu kwa sauti ya juu kwenye sikio la kulia, ndilo linalosikia. Mama mshike mkono tu, umwambie yule mdogo anakuja. Asiponikumbuka, si neno.

Basi la kutoka Mwanza likienda vizuri nitakuwa hapo Jumatatu, kabla ya mchana. Zuhura atanifungulia. Najua ni utovu wa adabu kwa mdogo kuingia nyumbani bila kumsalimia mkubwa wake, na najua Shangazi atanisema. Lakini nikikukuta umelala sitakuamsha. Nitakaa ukumbini na begi langu, na shikamoo yako nitakuwa nayo mdomoni mpaka utakapoamka mwenyewe.

Mdogo wako,
Hamisi