Picha ya Msichana wa Kiwandani

Zawadi mdogo wangu, hujambo, na mama hajambo? Bahari hii unayoiona kwenye kadi ni ya Jeddah. Tumekuja kutoka Riyadh kwa likizo ya familia ninayoifanyia kazi. Mimi naichungulia dirishani nikipiga pasi, na joto la huku unaoga jasho umesimama tu.

Jana Nura, binti wa madam, alikuwa na kazi ya shule: viwanda vya pamba vya Amerika, miaka mia mbili iliyopita. Akanisomea. Wasichana walitoka mashambani kwao, wakalala kwenye nyumba za tajiri, wakaamshwa kwa kengele, na bila barua ya tajiri hawakupokelewa kiwanda kingine. Nikamwambia endelea, nasikiliza. Akataka kupiga picha ya msichana wa namna hiyo, akaniomba nisimame mimi. Nikauliza nivae nini. Madam akajibu kutoka kwenye kochi, bila kuondoa macho kwenye simu yake: "Simama hivyo hivyo, inatosha."

Nikasimama na aproni yangu na kitambaa changu kichwani. Nura akaituma shuleni. Jioni mwalimu akamjibu kwa sifa nyingi, akauliza nguo za zamani kama zile wamezikodi wapi.

Nasikia wakala bado anakushawishi uje. Mwambie pasipoti yangu iko kabatini kwa kafili, tajiri aliyenidhamini kuja huku, na ufunguo anao yeye.

Nawakumbatia wewe na mama. Cherehani usiiuze ili umlipe wakala.

Dada yako,
Mwaka